Ngo Imetoka Wapi

Zuhura mwanangu,

Salamu nazikata, maana bado hujaondoka. Jana asubuhi tumekunywa chai meza moja, na jioni hii utarudi kutoka Kisiba kwa shangazi yako tule tena pamoja. Naandika sasa, Jumapili saa tisa mchana. Duka nimelifungua mlango mmoja tu, mvua inapiga bati kama desturi ya mji huu, na mama yako yuko ndani anakunja masweta yako kwa mara ya tatu. Habari za masweta, za kutokula vya barabarani, za kuangalia begi lako stendi, ameshazisema yeye, na anazisema vizuri kuliko mimi. Sitagusa hata moja. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi, uisome ukiwa umeshaipita Mbeya, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Nataka kukueleza habari ya ubao. Utasema unaijua, umekua chini yake. Lakini kuna kipande chake ambacho mimi na wewe tumekikwepa miaka sita, kila mtu kwa njia yake, na sitaki uende nacho chuoni Dodoma.

Nianze nilikoanzia mimi. Nilipomaliza darasa la saba, babu yako alinipeleka Mbeya kwa binamu yake aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ilikuwa kupima misumari na kuifunga kwenye magazeti ya zamani. Humo ndimo nilimokutana na chemsha bongo, ile miraba myeupe na myeusi yenye mafumbo pembeni. Nikiuona ukurasa wake nauchana, nautia mfukoni. Shida ni kwamba majibu yalitoka katika toleo la wiki iliyofuata, na toleo hilo kwa kawaida lilikuwa limeshaondoka na misumari ya mtu. Sikuwahi kuyaona majibu hata siku moja. Kwa hiyo nilijizoeza kutoandika neno mpaka niwe nimejieleza mwenyewe, kwa sauti, kila herufi imetoka wapi. Binamu ya babu yako alinisikia mara kadhaa nikibishana na ukuta wa stoo, akamwambia mkewe kwamba huyu kijana amepandwa na majini.

Ndiyo maana nilipofungua duka langu hapa Tukuyu, kabla hata ya kununua mizani, nilichukua kipande cha plaiwudi, nikakipaka rangi nyeusi, nikachora miraba kwa rangi nyeupe, nikakitundika barazani chini ya bati, mvua isikifikie. Jumatatu naandika mafumbo kwa chaki. Jumamosi alasiri, nikishaswali, watu wanakusanyika tunayafumbua. Walianza watatu. Baadaye wakaja walimu, mafundi seremala, madereva, akina mama wa sokoni, na wale wa kiwanda cha chai wakitoka zamu ya mchana na harufu ya majani mabichi kwenye nguo. Wakanibandika jina la Profesa. Nilijifanya silipendi. Mama yako anaweza kukuambia jinsi nilivyokuwa silipendi.

Kanuni ya baraza ilikuwa moja, na niliiweka mimi: jibu lisilo na maelezo halipokelewi. Hata kama ni sahihi. Umesema neno, sasa simama utuoneshe njia uliyopita. Maana fumbo la namna yetu lina miguu miwili. Mguu mmoja unakupa maana ya neno. Mguu wa pili unakuonesha neno lenyewe limejengwaje. Miguu yote miwili ikikanyaga mahali pamoja, hapo umefika, na huna haja ya kuniuliza mimi.

La kwanza kulifumbua peke yako unalikumbuka? Mimi nalikumbuka. Ulikuwa darasa la kwanza. “Ndani yake mna tabu, lakini mwalimu anataka ukisome, herufi sita.” Watu wazima wanakuna vichwa, wewe umekaa juu ya ndoo ya rangi unachezesha miguu, ukasema, “Kitabu. Ki, halafu tabu.” Fundi Ambakisye seremala alikurusha juu ukagusa mwamba wa baraza. Mwaka uliofuata, walipokuwa wanaweka lami barabara ya juu, niliandika, “Kinachomwagwa barabarani, kikigeuzwa wazee wanakifuata, herufi nne.” Ukaleta jibu ukitoka shule, hata begi hujatua. Lami, ukiisema kinyume kama watoto wanavyosemeshana, inakuwa mila. Ulieleza mpaka yule mzee wa mashine wa kiwanda cha chai, Mwakasege, akasema, “Ndaga fijo, asante sana, sasa nimeelewa. Baba yako huwa anatueleza kwa haraka mno.” Nilicheka na watu. Moyoni nilijaa sana, mwanangu, nilijaa mpaka nikampimia mteja misumari kilo moja na nusu badala ya moja.

Basi tufike pale.

Ulikuwa kidato cha kwanza, una miaka kumi na mitatu. Wiki ile nilikuwa na mzigo wa bati uliochelewa, nikayaandika mafumbo ya ubaoni nimesimama, bila kuyapitia. Moja lilisema hivi: “Desturi ya wazee, tunapita hapo kuingia nyumbani, herufi saba.” Jibu nililolitaka lilikuwa milango. Jumamosi ikafika, watu wamejaa mpaka barabarani, na mwalimu mmoja wa sekondari akasema, “Milango.” Nikamwambia, sawa, eleza. Akaanza, “Desturi ni mila...” akakwama hapo. Nikaichukua chaki mwenyewe, nikasema haya basi, ni mila na kuendelea, jibu milango, tuhamie la saba.

Ukanyoosha mkono. Hukunidharau, nataka ujue kwamba hilo ninalijua. Ulinyoosha mkono kama darasani, umevaa sare, soksi zina matope. Ukasema, “Baba, mila nimeiona. Ngo imetoka wapi?”

Nikatazama ubao. Zuhura, nilijua papo hapo. Haikuchukua hata nukta moja. Ngo haikutoka popote. Nilikuwa nimeandika nusu ya fumbo, nusu nyingine nimeisahau kwa ajili ya bati. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni nimekosea, na watu wangecheka, nami ningecheka, na saa ileile tungehamia la saba.

Lakini nilitazama watu. Walimu wanne walikuwepo. Mimi mtu wa darasa la saba, baba yangu alihamia hapa na mzigo wa kanga begani, mji huu ukanipa jina la Profesa, na sasa mtoto wangu mwenyewe ananivua nguo hadharani. Ndivyo nilivyoona. Nakuandikia nilivyoona, sikuandikii ilivyokuwa. Nikakohoa. Nikasema, “Ngo ni Kiswahili cha zamani cha pwani. Ni mbao ya mninga, ile ya kutengenezea milango. Nyinyi watu wa bara hamwezi kuijua.”

Watu wakashusha pumzi, aaah. Mwalimu mmoja akaiandika kwenye daftari lake. Mimi pwani nimefika mara mbili, mara zote mbili kununua bawaba na makomeo.

Na wewe hukuishia hapo. Hiki ndicho kinachonichoma zaidi. Uliniona nimekwama, na ukanirushia kamba. Ukasema polepole, “Lakini, baba, ungeandika tu ‘na mwisho wa shingo’, ingetosha. Shingo inaishia na ngo.” Ulikuwa umelitengeneza fumbo langu pale pale, umesimama, kwa maneno manne, na ukanipa mkononi bure. Fumbo zuri. Zuri kuliko langu. Nami nikasema, “Watoto wa siku hizi wanataka kumfundisha mkunga kuzalisha,” baraza zima likaangua kicheko, na Mwakasege akacheka, na fundi Ambakisye akacheka mpaka akapiga mlango wa duka kwa kiganja. Ukashusha mkono. Ukaingia ndani.

Jumatatu yake ulirudi na kamusi ya maktaba ya shule. Ukaifungua kwenye herufi N, ukaiweka juu ya kaunta mbele yangu, ukapita kwenda kuosha vyombo. Nilisoma ukurasa ule mara mbili, ukweli nilikuwa natafuta mwujiza. Kisha nikaifunga, nikaisogeza, nikamhudumia mteja. Mama yako alikuwa kizingitini anachambua maharage. Akaniambia bila kuinua macho, “Mtoto kakupa njia ya kutokea, umeiziba.” Nikamwambia hayo ni mambo ya mafumbo, yeye hayajui. Akamwaga maharage kwenye sufuria kwa kishindo, na kishindo hicho unajua maana yake.

Jumamosi iliyofuata hukuja barazani. Wala iliyofuata. Watu wakauliza, nikasema masomo ya sekondari ni magumu. Huo nao ukawa uongo wa pili. Na wa kwanza ukaanza kutembea kwa miguu yake. Fundi Ambakisye akaanza kuwaambia wateja wake kwamba mlango wa mninga ni mlango wa ngo. Siku moja mtu alikuja kutoka Kiwira, akaniuliza kama ninazo bawaba nzito za mlango wa ngo. Nikamuuzia. Ningefanyaje? Nilimuuzia nikiangalia chini, akaenda zake ameridhika.

Miaka sita, mwanangu. Ulinisalimu kila siku, ulinipikia, ulinisaidia hesabu za duka, ulinicheka nilipolala na redio. Hukunivunjia heshima hata mara moja. Lakini ulikuwa ukipita barazani Jumamosi alasiri unapita kama mtu anayepita kwenye duka la jirani. Nilijiambia umekua, umechoshwa na michezo ya wazee. Nilikuwa hodari wa kujielezea mambo, kama unavyoona.

Sasa nikuambie kilichonivunja, maana hukijui. Ni mwezi wa juzi, ulipokuwa unasubiri nafasi ya kusomea ualimu na unawafundisha hesabu wale watoto wa jirani stoo, katikati ya ndoo za rangi. Nilikuja kuchukua boksi la misumari. Ulikuwa unaandika kwenye ule ubao mdogo, unaeleza haraka haraka, umenogewa. Tumpe, yule binti wa mama muuza ndizi, akanyoosha mkono. Akasema, “Dada Zuhura, hiyo nne imetoka wapi?”

Nikasimama na boksi langu. Nilihisi kama mimi ndiye niliyeulizwa.

Ukatazama ubao. Ukasema, “Haijatoka popote. Nimeiweka mimi, nimekosea. Ahsante, Tumpe. Hebu njoo unioneshe ni wapi nilipoanza kupotea.” Ukampa chaki. Mtoto wa darasa la tano akasimama ubaoni akikuonesha, na wewe umekaa sakafuni na wenzake, unamsikiliza kweli, siyo kwa kumlea. Alipomaliza ukamwambia, “Umeeleza vizuri kuliko mimi.” Na hakuna mtoto aliyecheka. Hakuna aliyekuona mdogo. Nilitazama nyuso zao, Zuhura, wote walikuwa wamekusogelea.

Nilitoka nje bila misumari. Mteja akaniita, sikumsikia. Nilisimama barabarani nikitazama malori ya chai yakipita, na nikalia, mzee mzima, mbele ya duka langu, na mvua ikanisaidia kuficha. Sikulia kwa aibu peke yake. Aibu ilikuwepo, lakini kubwa zaidi ilikuwa fahari. Wewe ndiye niliyekuwa najaribu kuwa nilipokuwa stoo ya Mbeya nikibishana na ukuta. Sikukufundisha mimi hilo la kusema nimekosea. Mimi nilikufundisha mafumbo tu. Hilo ulilijenga mwenyewe, kwa kumtazama baba yako akilikwepa, na ukaamua kutolikwepa.

Nikatafuta namna ya kukwambia. Nikaanza mara tatu, mara zote tukaishia kuongelea bei ya saruji. Ndipo nikaona kwamba sikukukosea faraghani, kwa hiyo siwezi kukulipa faraghani.

Jana, ulipokuwa umeshaondoka kwenda Kisiba, nilifuta ubao wote. Nikaandika fumbo moja tu, lile lile, kwa maneno yale yale. Watu walipokusanyika wakashangaa, mafumbo ya wiki nzima yamefutwa, limebaki moja? Fundi Ambakisye akalitambua hata kabla hajafunga mwavuli. Akapaza sauti, “Milango! Mila, halafu ngo, mbao ya mninga. Kiswahili cha pwani!”

Nikamwambia, “Fundi, hakuna ngo.”

“Haipo ubaoni?”

“Haipo duniani. Niliitunga siku ile nimesimama hapa. Nilikuwa nimekosea fumbo, Zuhura akaniona, nikaona aibu, nikadanganya. Kisha akanisaidia, nikamfanyia dhihaka, nanyi mkacheka kwa sababu yangu.”

Ambakisye akajishika kichwa. “Gwe, Profesa! Mimi nimewauzia watu ngo mpaka Kiwira! Mchungaji wetu ana mlango wa ngo!” Hapo watu wakapasuka kwa kicheko, na mimi nikacheka, na nilikuwa sijawahi kucheka barazani kwa moyo mweupe namna ile.

Mwakasege peke yake hakucheka. Amestaafu sasa, anatembea na fimbo. Akasema, “Nakumbuka mkono wake. Aliuliza vizuri, yule mtoto. Na mimi nilicheka. Niliporudi nyumbani nilijiuliza mwenyewe, kweli, ngo imetoka wapi? Nikaona nikiuliza nitaonekana mjinga mbele ya walimu.” Akageuka kwa wenzake. “Nani mwingine alijiuliza?”

Mikono ikanyooka. Sikuihesabu, lakini ilikuwa zaidi ya nusu, na mmojawapo ulikuwa wa yule mwalimu aliyeiandika kwenye daftari. Miaka sita yote walijua hawajaelewa, na aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza ni wewe tu.

Wakaniuliza uko wapi wakuombe radhi. Nikasema umekwenda kumuaga shangazi yako. Usidhani niliitumia nafasi ya kutokuwepo kwako kwa woga. Ungekuwepo ungenionea huruma, ungesema yaishe baba kabla sijafika katikati, nami ningekubali haraka. Mwakasege akasema, “Basi mfikishie wewe. Mwambie tulimkosea. Na umwambie kwamba kuanzia wiki ijayo tutakuuliza mpaka uchoke.” Nami nimekufikishia. Haya ni maneno yao, na haya ni yangu: ulikuwa sahihi, nilijua kwamba uko sahihi, na nilikuaibisha ili mimi nisiaibike. Nisamehe, mama yangu. Nakuita hivyo siyo kwa kuwa una jina la mama yangu tu.

Sikuusii chochote kuhusu chuo. Sijawahi kukanyaga chuo. Nitakwambia tu kwamba siku utakayosimama mbele ya darasa lako la kwanza, na walimu wenzako wamekaa nyuma na kalamu zao, na ukaona umeweka nne isiyotoka popote, utaona kile nilichokiona mimi siku ile. Utaona nyuso. Wewe umeshapita hapo na hukuyumba, kwa hiyo mimi nitalala usingizi.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine iliyokunjwa mara nne. Ni mraba wa Jumamosi ijayo, mafumbo kumi na mawili. Hakuna aliyeuona, hata mama yako. Chaki sitaigusa mpaka uupitie, na safari hii nakuomba uukague kwa ukali ule unaowafanyia watoto wa stoo. La nne na la tisa nayaonea mashaka. Mengine najiona nimepatia, na hapo ndipo penye hatari yangu.

Ukifika Dodoma piga simu. Kwanza mwambie mama yako umefika salama. Kisha mwombe anipe mimi simu, uniambie nimekosea wapi.

Baba yako